Monitrisi Asiyejibu

Ukimuuliza Mama Monitrisi swali, alikutazama kwanza kana kwamba umemwomba nguo aliyovaa. Kisha alikuuliza lake.

"Mama, huyu mugonjwa anaumwa nini?"

"Wewe unaona nini?"

"Naona homa."

"Homa haionekane, inapimwaka. Nimesema, unaona nini?"

Mimi nimelelewa dukani. Baba yangu alitoka upande wa Butembo akaja Masisi kuuza chumvi, sabuni na mabati, na kwetu mtu akiuliza bei anatajiwa bei, akitaka anunue, asipotaka aende zake. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilimchukia yule mama, na sisemi kwa utani. Shule yetu ya uuguzi ilikuwa kilimani, nyuma ya hospitali ndogo, na milio ya bunduki tuliisikia mara nyingi kuliko kengele ya darasa. Niliona sina muda wa mafumbo. Nilitaka niambiwe dozi, niiandike, nifaulu, niondoke kabla vita havijafika mlangoni.

Tulimwita Monitrisi kwa sababu ndiyo kazi yake: mwalimu anayewafuata wanafunzi wodini na kuwasimamia kitandani kwa mgonjwa. Jina lake alilitumia mume wake tu, na mapadri. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na blauzi yake nyeupe ilikuwa na viraka kwenye viwiko, viraka alivyovipiga pasi kwa uangalifu kuliko blauzi yenyewe. Wodini alitembea bila sauti. Ulikuwa umeshika mkono wa mgonjwa, unajifanya unahesabu mapigo, mara unasikia pumzi nyuma ya shingo yako. Jasho linakutoka hata kama hukukosea kitu.

Asubuhi, kabla ya uji, tulikaa kwenye mabenchi nyuma ya jikoni na yeye akageuka mgonjwa. Ndivyo alivyofundisha. Hakusimama mbele na kusoma. Aliingia ameinama, ameshika kiuno, kitenge kimefungwa ovyo, na kuanzia hapo alikuwa mkulima wa Bihambwe au muuza ndizi aliyetoka kusikojulikana. Hapo tu ndipo alipojibu maswali, maana hakuwa yeye tena. Lakini alijibu ulichouliza, hata neno moja zaidi hakukupa. Siku moja alikuja kama mwanamke mwenye maumivu ya tumbo. Tukamuuliza kuhusu choo, chakula, minyoo. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza mara ya mwisho alipata siku zake lini. Akajilaza kwenye benchi, akafumba macho.

"Nimekufa," alisema. "Mimba ilipasukia inje ya kizazi. Munizike."

Na hakuamka. Uji ulipoa, sisi tumesimama kama waombolezaji wasiomjua marehemu. Mpishi alipotoka jikoni na kumkuta amenyooka vile alipiga yowe, na nje ya ua watu wakaanza kufunga mizigo wakidhani mashambulizi yamefika.

Baada ya kesi kama hiyo tuliandika kwa mkaa ukutani mambo matatu: tunachojua, tusichojua, na nani anaenda kukitafuta. La tatu ndilo lililotutesa. Ulipewa mpaka jioni. Ungekwenda kwa mkunga, kwa mtu wa maabara, kwenye vitabu vya Kifaransa vilivyojaa sanduku moja la bati, popote, lakini jioni usimame uwaeleze wenzako. Aliyesema "sijue" hakuguswa. Aliyekisia alifua mapazia ya wodi. "Kukisia njo kuua na mikono safi," alisema, na mapazia ya hospitali yetu yalikuwa safi kuliko ya askofu. Bahati, mwenzetu mcheshi ambaye hakuogopa kitu isipokuwa sindano, alijaribu kumnasa kwa methali.

"Mama, batu basemaka kuuliza si ujinga."

"Njo maana mimi naendelea kuuliza."

Na bado mtu huyuhuyu, sokoni, muuzaji akimrudishia swali, aliwaka. Nilimsikia kwa masikio yangu akimfokea muuza maharagwe: "Nimekuuliza bei! Unanijibu na ulizo juu ya nini?" Kanisani pia. Wakati wa maombi alisimama na kumtaka Mungu amwambie wazi, leo, vita vitaisha ao havitaisha. Kwa Mungu hakutaka kwenda kutafuta mwenyewe. Nilimcheka, kisha nikamhurumia, maana mumewe alikuwa amekwenda upande wa Walikale kufanya kazi na habari zake zilikuja kwa kudondoka.

Vita vilipofika mlangoni kweli, ilikuwa asubuhi na tulikuwa kwenye mabenchi. Ng'ombe waliteremka kwanza, bila wachungaji, halafu watu. Mkurugenzi wa shule alisema kila mtu aondoke na alichoweza kushika. Sanduku la bati lilihitaji watu wanne, na watu wanne wenye sanduku hawakimbii. Mama Monitrisi aliwahi kuninyima chakula cha mchana kwa kukunja pembe ya ukurasa. Siku hiyo aliingia jikoni, akatoka na kisu cha kukatia nyama, akapiga magoti na kuanza kupasua vitabu mgongoni. Tulimtazama midomo wazi. Kilimani walikuwa wanapiga, naye anapasua, anahesabu sura, anatukabidhi vipande mmoja mmoja.

"Wewe, moyo. Wewe, tumbo na matumbo. Wewe, figo na mukojo. Unasoma, unabeba kichwani. Karatasi inaweza kulowana."

Nilipewa uzazi. Niliufunga tumboni chini ya kitenge nikakimbia nao, na njiani mama mmoja alinipisha kwenye tope akidhani nina mimba. Kuanzia siku ile tuliitana kwa sura zetu. Tulipofika Kibabi na kuanza masomo tena ndani ya kituo cha afya kilichotupokea, tuligundua kwamba Moyo hayupo. Alikuwa ameshika njia nyingine na wazazi wake. Wiki nyingi shule nzima haikuwa na magonjwa ya moyo, na mgonjwa wa moyo alipokuja Mama Monitrisi alimhudumia bila kutufundisha lolote, ametununia kana kwamba sisi ndio tumempoteza. Moyo alipotokea mwishowe, amekonda, miguu imevimba, karatasi zake zilikuwa zimelowana hazisomeki. Lakini alisimama mbele yetu akasema sura yote. Mama Monitrisi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sukari ya chai yake leo muongeze." Sijawahi kumsikia akimsifu mtu kupita hapo.

Pale Kibabi ndipo nilipomwona akiogopa. Waliingia mchana watu wenye silaha, sitaki kusema wa upande gani, maana kila upande ulituletea wake. Walimbeba mwenzao aliyepigwa risasi pajani. Mkubwa wao aliweka bunduki juu ya meza ya pamba na mikasi.

"Huyu akikufa," alisema, "na banyinyi munakufa."

Mama Monitrisi alikuwa tayari amekandamiza kidonda kwa mikono miwili. "Toka bamupige, amekojoa?"

"Nini?"

"Amekojoa ao hapana?"

Yule mkubwa aliwatazama wenzake. "Sijue."

"Muzuri. Nenda uulize bale balimubeba." Na yule bwana, siamini mpaka leo, alitoka kwenda kuuliza. Mama Monitrisi hakuinua kichwa. "Bahati, unaona nini?"

Bahati alirudi nyuma, kalamu ikamdondoka mfukoni. "Naona... naona bunduki, Mama."

"Bunduki haina homa. Angalia muguu."

Akaangalia mguu. Akasema vidole ni baridi, rangi imepauka, damu haichuruziki kwa kurukaruka. Aliulizwa maana yake, akaeleza, sauti inapanda na kushuka. Mimi nilikuwa natafuta mshipa wa kuweka seromu, maji ya kutundika, na nilikuwa nasali kimoyomoyo sala isiyo na mpangilio. Nilimlaani pia. Nani anafundisha wakati kama ule? Jibu nalijua sasa, lakini siku ile niliona mama huyu atatuua kwa ukaidi wake.

Majeruhi aliishi, wakamchukua. Walipopotea nyuma ya migomba nilimkuta Mama Monitrisi ameketi nyuma ya jikoni. Nusu ya chai yake ilikuwa imemwagika kwenye sketi. Nikamshikia kikombe akanywa kama mtoto.

"Usiniulize kitu," alisema.

Tuligombana mara moja tu, na mgombano huo ulikuwa mkubwa. Aliletwa mtoto wa wakimbizi, macho yamegeuka, mwili unawaka. Nikamuuliza Mama Monitrisi tuanze na nini. Akaanza, "Wewe unaona..." na mimi nikapiga kelele mbele ya mama wa mtoto: "Naona mutoto anakufa! Sema!" Hapohapo alinisukuma akafanya mwenyewe, haraka, bila kukosea. Mtoto alikufa. Alikuwa amechelewa tangu njiani, hilo nalijua na nililijua hata siku ile, lakini nilihitaji mtu wa kumwekea lawama. Sikumsalimia kwa muda mrefu. Nilimpita kwenye korido kama napita nguzo. Hakujitetea. Siku moja alinikuta naanika mashuka, akashika upande wa pili wa shuka tukalikamua pamoja.

"Uko na haki ya kunikasirikia," alisema. "Lakini watakutuma mahali, utakuwa peke yako, na mimi sitakuwa mu mufuko yako."

"Basi utupatie majibu tuende nayo!"

Alikung'uta shuka, akalitundika, akaondoka. Nilibaki na hasira zangu na vibanio vya nguo.

Tulimaliza masomo kwa tabu, wengine huku, wengine kule. Yeye aliteremkia Walikale kumfuata mumewe, na huko nilisikia anazunguka vituo vya msituni akifundisha wauguzi wasiowahi kuona mwalimu. Mimi nilitumwa Kitshanga, wodi ya wazazi, pembeni ya kambi. Nilikuwa peke yangu, kama alivyosema.

Mwaka wa kwanza pale alitufia mama mmoja wa kifafa cha mimba. Tension, presha ya damu, ilipanda, akaanza kukakamaa, nikampa diazepam, dawa ya kutuliza ambayo sote tulizoea kuitumia. Mshtuko ukatulia, ukarudi, ukatulia, ukarudi, naye akaondoka na mtoto wake tumboni. Kila mtu aliniambia nimefanya ilivyo desturi. Sikulala vizuri kwa muda mrefu. Nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta wa stoo, sina mkaa, lakini yale mambo matatu yalikuwa yananiuma kichwani. Nikaanza kutafuta. Nilimbana daktari aliyekuwa anapita kwenda Goma, nikapanda pikipiki kwenda kuuliza wakunga wa hospitali kubwa zaidi, nikasoma karatasi mpaka zikachakaa. Nikakuta kwamba dawa inayofaa zaidi, magnezium, ilikuwa imekaa stoo kwetu muda wote. Watu waliiogopa kwa sababu ikizidi inazima pumzi. Nikajifunza kuichunga: kabla ya kila dozi unapima mkojo, unahesabu pumzi, na unampiga mgonjwa chini ya goti kwa ubavu wa mkono. Mguu ukiruka, unaendelea. Usiporuka, unaacha. Na dawa ya kuikata unaiweka tayari pembeni. Wakunga wenzangu walinicheka nilipokuwa nagonga magoti yao jikoni kujizoeza. Baadaye hawakucheka, maana akina mama walianza kurudi nyumbani.

Miaka ikapita. Siku ya soko, mchana, milio ilianza upande wa milima na soko likavunjika kabla watu hawajauza. Pikipiki zote zilikimbilia upande mmoja. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hatungeweza kumhamisha mgonjwa yeyote. Nikasikia vurugu getini, nikaona tipoyi, machela ya miti inayobebwa mabegani, na wanaume wanne wamelowa jasho. Juu yake mwanamke mwenye mimba kubwa, povu mdomoni, ulimi umeng'atwa. Nyuma yake mama mzee, miguu mitupu, ananipigia kelele.

"Diazepam! Haraka! Muwekee diazepam!"

Sikumtambua kwa uso. Alikuwa amebaki nusu. Nilimtambua kwa mabega, na nikaganda, kwa sababu katika maisha yangu yote hilo lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake.

"Mama Monitrisi?"

"Ni Furaha, mutoto wangu. Niko na huyu mumoja tu. Kifafa kimemushika mara mbili njiani. Weka diazepam!"

Walikuwa wamekimbia kutoka Walikale, wakakaa kambini bila mimi kujua. Tulimlaza Furaha kwa ubavu. Tension yake sitaki hata kuitaja. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umekwisha anza. Nilipovunja kichupa cha magnezium, Mama Monitrisi alisoma maandishi yake, akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Hapana! Ile inauaka! Nilimuona muntu anazimika nayo mbele ya macho yangu. Nimekuambia diazepam. Mimi njo nilikufundisha!"

Kila mtu wodini alinitazama. Mikono yangu ilitaka kumtii. Nasema kweli, ilitaka sana. Kama ningempa Furaha nilichoagizwa na angekufa, hakuna ambaye angenilaumu, hata mama yake. Nikimpa nilichokijua mimi na akafa, nitakuwa nimemuua binti wa mwalimu wangu huku mwalimu mwenyewe ameshika mkono wangu akinikataza.

"Mama, nimewaona wamama wanapona nayo," nilisema. "Na nimeona mumoja anakufa na ile unasema."

Hakuniachia. Nje mlio ulikaribia, dirisha likatikisika. Nikauchukua ule mkono wake, nikaubandua taratibu, nikauweka juu ya kifua cha Furaha.

"Hesabu pumuzi. Kwa sauti, nisikie. Zikishuka chini ya kumi na sita kwa dakika, unaniambia, mimi nasimama."

Alinitazama kwa chuki, ndiyo, ilikuwa chuki. Kisha akaanza kuhesabu.

Niliingiza dawa polepole mshipani, macho yangu kwenye midomo ya mama yake. Nyingine nikaichoma makalioni. Alihesabu, akaanza upya, akahesabu. Sauti yake ilikuwa kavu. Mara moja alisita, na mimi nikasimamisha mkono na moyo pamoja, lakini ilikuwa mate yamemkauka, akameza akaendelea. Nikagonga goti la Furaha kwa ubavu wa mkono. Mguu uliruka. Mshtuko wa tatu tuliungoja hivyo, mlinzi amefunga lango, wagonjwa wengine wamelala sakafuni chini ya vitanda, na haukuja. Kabla jua halijazama Furaha alijifungua msichana mdogo sana, aliyelia kwa sauti ya paka. Wenzangu walimfunga kifuani kwa nesi mmoja apate joto. Bibi yake hakugeuka kumwangalia. Alikuwa anahesabu.

Tulimwambia apumzike, tutahesabu sisi. Alikataa kwa kutikisa kichwa ili asipoteze hesabu.

Asubuhi milio ilikuwa imehamia mbali. Furaha alifumbua macho akaomba maji, kisha akauliza kwa nini ulimi unamuuma. Mama Monitrisi aliacha kuhesabu kwa mara ya kwanza tangu jana. Alibaki ameacha mkono pale kifuani kwa binti yake, na mimi nikangoja anitukane au anishukuru, sikujua lipi.

"Ile ya goti," alisema, sauti imekwaruza. "Nani alikufundisha?"

"Nilienda kuitafuta, Mama."

Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi pembeni yake.

"Basi ikaa. Unifundishe."

Ningeweza kumrudishia swali. Ulimi uliniwasha. Lakini sina roho ngumu kama yake, na mtoto wake alikuwa amelala pale mbele yetu. Nikakaa, nikamwambia yote, tangu mwanzo, dozi, saa, hatari na dawa ya kuikata, bila kumuuliza hata swali moja. Nilipomaliza alikunja kitenge cha Furaha hadi juu ya goti, akaitafuta kano kwa kidole gumba, akapiga kwa ubavu wa mkono. Alipiga vibaya mara ya kwanza. Mara ya pili mguu uliruka.

"Mama, unanipiga juu ya nini?" Furaha aliuliza.

Hakumjibu. Alifunika uso kwa kitenge chake, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikainuka nikaenda kumletea mjukuu wake.